Usanii Mtupu? Hadhira ya Mieleka na Haki ya Kuihukumu Hadithi

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta makala ya mieleka katikati ya tahakiki za riwaya na ushairi. Ninamwomba avumilie kidogo. Sikusudii kueleza nani ana misuli minene kuliko nani. Ninakusudia kueleza historia ya jambo moja linalotuhusu sote tunaosoma fasihi, nalo ni haki ya hadhira kuihukumu hadithi inayosimuliwa mbele yake.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Desemba 2025, tulikuwa watu sita tumejibana katika chumba kimoja cha bweni, tukiikodolea macho simu moja iliyoegemezwa kwenye kopo la maji. Huko Washington, Marekani, ilikuwa bado ni usiku wa Jumamosi, na John Cena alikuwa akipanda ulingoni kwa mara ya mwisho. Mpinzani wake alikuwa Gunther, mwanamieleka kutoka Austria. Gunther alimpiga kabali, Cena akajinasua, akapigwa kabali tena. Mwishowe Cena akatabasamu, akagonga kwa mkono kuonyesha kwamba amesalimu amri. Basi, ikawa imekwisha. Ukumbi mzima ukazomea. Chumbani kwetu nako kukazuka zogo, hata jirani akagonga ukuta.

Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, akainuka kwenda kulala huku anacheka. "Nyie mnalilia nini? Huo si usanii mtupu!"

Neno hilo halijaniacha mpaka leo. Darasani kwetu usanii ni sifa: ni kazi ya msanii, ni ufundi wa kuumba. Mtaani usanii ni uzugaji: fundi aliyekula hela yako akazima simu kakufanyia usanii. Yule bwana alikusudia maana ya pili. Mimi nitashikilia kwamba mashabiki wa mieleka wanazijua maana zote mbili, tena wanazitofautisha kwa makini kuliko baadhi yetu tunaojiita wahakiki. Wanapozomea, hawazomei kwa sababu wamegundua kuwa pambano limepangwa. Wanazomea pale usanii wa maana ya kwanza unapogeuka kuwa usanii wa maana ya pili.

Ulingo kama jukwaa

Aliyewatetea watazamaji wa mieleka mbele ya wasomi hakuwa shabiki wa mtaani. Alikuwa mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes. Alipochapisha kitabu chake Mythologies mwaka 1957, aliifanya mieleka kuwa mada ya kwanza kabisa. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba mieleka si mchezo wa kushindania, ni tamthilia. Mtazamaji hajali kama pambano limepangwa au la. Anachotaka ni kuona mateso, kushindwa na haki vikionyeshwa waziwazi, kama katika tamthilia za kale za Wayunani. Mwili wa mwanamieleka unasema kabla hajafanya lolote: ukimtazama tu unajua huyu ni mwovu.

Waliowahi kukaa kwenye bao la banda la video wanalijua hilo bila kusoma Kifaransa. Banda lina istilahi zake: yuko stelingi na yuko adui. Stelingi huonewa, adui hudanganya nyuma ya mgongo wa mwamuzi, na mwisho wa yote hesabu lazima ilipwe. Ni muundo uleule wa ngano zetu. Fisi akiingia, hakuna anayeuliza ana nia gani.

Mfano bora wa zama hizo ni Bruno Sammartino. Huyu alikuwa mhamiaji kutoka Italia. Tarehe 17 Mei 1963 alimshinda Buddy Rogers kwa sekunde 48 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akatwaa ubingwa na kukaa nao kwa zaidi ya miaka 7. Wahamiaji wa Kiitalia na wafanyakazi wengine wa mji ule walimwona kama ndugu yao aliyefanikiwa bila kujivuna. Ndipo tarehe 18 Januari 1971, katika ukumbi uleule, akashindwa na Ivan Koloff, aliyetambulishwa kama Mrusi. (Kwa hakika Koloff alikuwa Mkanada. Lakini zilikuwa enzi za vita baridi, na adui alihitaji bendera.) Inasimuliwa kwamba ukumbi ulinyamaza kimya kiasi kwamba Sammartino mwenyewe alidhani masikio yake yameharibika.

Ninaomba tuukumbuke ukimya huo, maana nitaurudia. Hadhira ile haikuzomea wala haikudai chochote. Iliomboleza tu, kama tunavyoomboleza mwishoni mwa tanzia. Ilikuwa imemwamini fanani, na fanani hakuwa ameivunjia imani.

Siri inapofichuka

Kwa miongo mingi wanamieleka walilinda siri ya ulingo kama waganga wanavyolinda dawa zao. Stelingi na adui hawakutakiwa kuonekana wakila meza moja. Aliyejeruhiwa ulingoni alitakiwa achechemee hata dukani. Mtu akiuliza kama ni kweli, alijibiwa kwa ukali, pengine hata kwa kipigo cha kweli.

Mwaka 1989 siri ilitolewa nje na wenye mali wenyewe. Kampuni iliyoitwa WWF wakati huo, ambayo tangu mwaka 2002 inaitwa WWE, ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani wala si mchezo wa ushindani. Haikuwa kwa kupenda ukweli. Ilikuwa ni kutaka kukwepa kodi na masharti yaliyowekewa michezo kama ngumi. Hapa wanafunzi wa uhusiano wa uchumi na sanaa wana kazi ya kufanya: uwongo uliodumu tangu enzi za mababu ulivunjwa na hesabu za fedha.

Wengi walitabiri kuwa mieleka itakufa. Haikufa, na sababu yake niliipata nyumbani kwetu kabla sijaipata maktaba.

Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu, fundi cherehani, alikuwa akinichukua kila Jumamosi kwenda bandani kutazama mieleka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasimulia waliokaa nyuma. Siku moja, kwa kutaka kujionyesha mbele ya wakubwa, nikapayuka: "Anko, hawa wanaigiza tu, mwalimu katuambia!" Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza taratibu, "Mjomba, nani kakwambia mimi sijui?" Kisha akaongeza: "Mimi siangalii nani kashinda. Naangalia kama wamemtendea haki."

Sikumwelewa. Niliona aibu tu, na nikadhani anajitetea. Leo naona kuwa alikuwa akinieleza mabadiliko makubwa ya historia ya mieleka kuliko yote. Siri ilipofichuka, swali la hadhira lilihama kutoka "Nani atashinda?" likawa "Je, hadithi hii imetungwa kwa haki?" Hilo la pili, ndugu msomaji, ndilo swali la mhakiki.

Hadhira inapoanza kuasi

Miaka ya 1990 swali hilo lilianza kusikika kwa sauti. Kwa miaka mingi Hulk Hogan alikuwa stelingi wa mastelingi, akiwahimiza watoto wale vitamini zao na kusali. Lakini hadhira ilikuwa imekua, naye akawa anarudia wimbo uleule. Sehemu ya watazamaji ikaanza kumzomea ilhali hadithi ilimtaka ashangiliwe. Tarehe 7 Julai 1996, huko Daytona Beach, watunzi walikubali yaishe: Hogan aliingia ulingoni kana kwamba anaokoa jahazi, kisha akawashambulia wenziwe na kujitangaza adui. Watu wakarusha takataka mpaka ulingo ukajaa. Hasira ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa hasira ya watu waliopewa hadithi mpya, si ya watu waliodanganywa.

Mwaka uliofuata tukio jingine lilionyesha ufundi wa juu zaidi. Tarehe 23 Machi 1997, karibu na Chicago, Bret Hart aliyekuwa stelingi alipambana na Steve Austin aliyekuwa adui. Tatizo ni kwamba mashabiki walikwisha anza kumpenda Austin kwa jeuri yake. Austin alibanwa miguu kwa mkunjo wa Hart, damu ikimtiririka usoni, akakataa kusalimu amri mpaka akazimia. Hart akaendelea kumpiga hata baada ya kushinda. Walipoingia, mmoja alikuwa mwema na mwingine mwovu. Walipotoka, walikuwa wamebadilishana nafasi. Hakuna neno lililotamkwa kueleza mabadiliko hayo. Watunzi hawakuamuru hadhira. Waliisikiliza, wakaipa hisia yake umbo. Katika fasihi simulizi tunalijua jambo hili: fanani akiona wasikilizaji wamemchoka sungura, atampa kobe nafasi.

Lakini zipo nyakati ambapo hadhira haikungoja kusikilizwa. Tarehe 17 Machi 2002, mjini Toronto, Hogan alirudi kama adui kupambana na The Rock aliyekuwa kipenzi cha watu. Umati ukaamua vinginevyo. Watu wazima waliomwona Hogan utotoni walimshangilia mpaka The Rock akazomewa. Wanamieleka wale wawili, wakiwa wameanza pambano, ikabidi waligeuze papo hapo ili liendane na sauti za ukumbini. Na tarehe 11 Juni 2006, katika ukumbi mdogo wa Hammerstein Ballroom, New York, John Cena mwenyewe aliyaonja hayo. Alirusha fulana yake kwa mashabiki, wakamrudishia. Akairusha tena, wakamrudishia tena. Bango moja lilitishia kuwa Cena akishinda watafanya ghasia. Usiku ule Rob Van Dam akaondoka na ubingwa.

Tusisahau kwamba Cena hakuwa amefanya kosa lolote ndani ya hadithi. Alikuwa mwema, mchapakazi, mpenda watoto. Kosa lake lilikuwa la kifani: mhusika bapa, asiyebadilika, anayeshinda kila mara. Miaka mingi baadaye kumbi zake zilikuwa bado zinagawanyika, watoto na kina mama wakimshangilia, vijana wa kiume wakimzomea kwa zamu. Nikisoma madai ya wanafunzi wenzangu kuhusu wahusika bapa katika riwaya zetu za mwanzo, huwa nawakumbuka vijana wale.

Hadhira inapoandika upya

Sasa nifike kwenye matukio matatu ambamo maoni ya mashabiki yalibadili kabisa mwendo wa hadithi.

La kwanza ni la Daniel Bryan. Huyu alikuwa mtu mfupi kwa vipimo vya ulingoni, mwenye ndevu za kichakani na ufundi wa hali ya juu. Tarehe 1 Aprili 2012 alipewa sekunde 18 tu kushindwa na Sheamus katika tamasha kubwa la WrestleMania. Kesho yake mashabiki wakajaza ukumbi kwa neno lake moja, "Ndiyo!", huku wakinyoosha vidole juu. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Januari 2014 mjini Pittsburgh, kampuni ilimchagua Batista kuwa mshindi wa Royal Rumble, naye Bryan hakuwekwa hata miongoni mwa washiriki. Ukumbi ulizomea bila kupumzika. Tarehe 6 Aprili 2014, mjini New Orleans, Bryan alimshinda Triple H mwanzoni mwa usiku, kisha akawashinda Randy Orton na Batista mwishoni, akatwaa ubingwa. Mashabiki walikuwa wameikataa rasimu ya kwanza.

La pili ni la wanawake. Tarehe 23 Februari 2015 pambano la wanawake wanne lilipewa kama nusu dakika tu. Mashabiki wakachoka. Walijaza mitandao kwa dai moja: wapeni wanawake nafasi. Haikuwa hisani. Walikuwa wanaona kwamba watu wenye ufundi wanatumiwa kama pambo la kupumzishia macho. Mwaka 2016 jina la kuwadhalilisha walilokuwa wakiitwa lilifutwa pamoja na mkanda wake wa waridi. Kisha tarehe 19 Agosti 2018, huko Brooklyn, Becky Lynch aliyekuwa ameonewa kwa muda mrefu alimgeukia rafiki yake Charlotte Flair na kumpiga. Hadithi ilimtaka awe adui kuanzia hapo. Ukumbi ukamshangilia kwa nguvu zote! Tarehe 7 Aprili 2019 wanawake walifunga WrestleMania kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Becky ndiye aliyeshinda.

La tatu ni la juzi juzi, la Cody Rhodes. Baba yake, Dusty Rhodes, alikuwa mwanamieleka mashuhuri ambaye hakuwahi kuupata ubingwa mkuu wa kampuni hii. Mwana alirudi mwaka 2022 akisema amekuja kuimaliza hadithi ya familia. Mwaka 2023 alishindwa na Roman Reigns. Watu waliumia, ila walivumilia. Mwaka 2024 alipata tena haki ya kupambana na Reigns, na tarehe 2 Februari akaonyeshwa akimpisha The Rock achukue nafasi yake. Lo! Mashabiki waliwaka. Na jambo hili lina utabaka ndani yake, maana siku chache kabla, mnamo Januari 2024, The Rock alikuwa ameingia kwenye bodi ya TKO, kampuni inayomiliki WWE. Mjumbe wa bodi alikuwa anachukua nafasi ya mtoto wa fundi bomba! (Dusty alijitambulisha maisha yake yote kama mtoto wa fundi bomba.) Watazamaji walimtaka Cody ukumbi baada ya ukumbi. Wiki haikuisha kabla hadithi haijapinda: The Rock akageuzwa adui, na tarehe 7 Aprili 2024, mjini Philadelphia, Cody akamaliza utawala wa Reigns uliodumu siku 1,316.

Pingamizi mbili

Najua kuna wenzangu watakaosema nimelewa. Pingamizi ya kwanza ni ya kiuchumi. Ati, hadhira imeshinda nini, ikiwa kila kilio chake kinauzwa kama fulana? Ni kweli. Kampuni iliuza "Ndiyo" ya Bryan, ikauza machozi ya Cody, na faida haikugawiwa kwa waliopiga kelele. Shabiki ni mtunzi asiyelipwa. Aidha, hadhira inayosikilizwa ni ile iliyomo ukumbini na yenye uwezo wa kulipa kiingilio. Sisi tunaotazama alfajiri kwenye simu iliyoegemezwa kopo hatumo katika hesabu hiyo. Silikatai hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kunyonywa hakumfanyi mtu kuwa mjinga. Anayeuziwa hadithi ana haki ya kusema kuwa hadithi ni mbovu, na historia niliyoieleza inaonyesha kwamba mara nyingine bepari hulazimika kusikia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: hadhira nayo hukosea. Usiku ule wa Pittsburgh mwaka 2014, aliyeingia wa mwisho, wa 30, alikuwa Rey Mysterio, mtu aliyependwa miaka nenda rudi. Alizomewa kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa Bryan. Huo ulikuwa ukatili. Umati unaodai haki kwa mmoja unaweza kumwonea mwingine bila kusita.

Hata hivyo, kumbukumbu ya hadhira ina upande mwingine. Mwaka 2015 ilifichuka sauti iliyorekodiwa ya Hulk Hogan akitoa maneno ya ubaguzi dhidi ya watu weusi. Baadaye kampuni ilimsamehe na kumrudisha. Tarehe 6 Januari 2025, karibu na Los Angeles, alipopanda ulingoni kwa tabasamu lake la zamani, alizomewa vikali. Alifariki tarehe 24 Julai 2025. Kuzomewa huko hakukuwa kwa mhusika; kulikuwa kwa mtu. Kampuni ilitaka watu waendelee kumsoma mhusika na kumsahau mtu, hadhira ikakataa. Kwetu tunaobishana kila muhula kama maisha ya mwandishi yaingizwe kwenye uhakiki, kisa hiki si kidogo.

Tabasamu la Cena

Turudi sasa kwenye chumba chetu cha bweni. Je, waliozomea alfajiri ile walikuwa na haki?

Watetezi wa pambano lile wana hoja nzuri. Ni desturi ya ulingo, tangu enzi za wazee, kwamba anayestaafu huondoka ameshindwa. Nguvu zake haziendi naye nyumbani. Humwachia anayebaki, ili biashara na sanaa viendelee. Kwa desturi hiyo Cena alitakiwa kushindwa, na Gunther alistahili kumshinda. Hapo sina ugomvi.

Wapinzani nao wana hoja yao. Huyu ndiye mtu aliyevaa kauli ya kutokukata tamaa kifuani na kwenye taulo kwa miaka mingi. Angeweza kuzimia kama Austin mwaka 1997. Angeweza kubwagwa na kuhesabiwa tatu. Kwa nini asalimu amri? Mwenzangu mmoja wa idara ya elimu alisema kwa uchungu, "Wamemfutia maisha yake yote kwa sekunde moja." Mwingine akamjibu kwamba tabasamu lile ndilo lililokuwa ufunguo: mtu aliyewafundisha watoto kutokata tamaa amefikia mahali anapojiruhusu kupumzika. Mimi naona usomaji huu wa pili umo ndani ya matini. Tena ni usomaji mzuri.

Lakini kwa nini basi haukupokelewa? Hapa ndipo historia inapotusaidia. Mwaka 1971 hadhira ya Sammartino ilinyamaza. Mwaka 2023 hadhira ya Cody iliumia ikavumilia. Hadhira huikopesha hadithi imani yake, ikitarajia kulipwa mwishoni. Na mwaka 2025 hadithi ya Cena ilikuwa imekopa mno. Tarehe 1 Machi, mjini Toronto, akageuzwa adui kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miongo miwili ya wema, akimshambulia Cody mbele ya The Rock. Watu walishtuka kwa furaha: hatimaye mhusika bapa amepata upande wa pili! Lakini The Rock, aliyelianzisha jambo hilo, hakurudi kulimaliza. Tarehe 20 Aprili Cena akatwaa ubingwa wa 17 katika pambano ambalo wengi waliliona bovu. Kufika Agosti alikuwa amekwisha kuwa mwema tena, bila safari ya kueleweka kutoka huku kwenda kule. Deni lilikuwa halijalipwa, na siku ya mwisho watunzi wakaja kukopa tena: wakaomba hadhira ilisome tabasamu moja dogo na kulijazia maana yote.

Ndiyo maana watu walizomea. Nashikilia kwamba hawakuzomea kushindwa kwa Cena, wala hata kule kugonga kwake. Walikuwa wanadai deni. Triple H, aliyekuwa msimamizi mkuu wa utunzi wa kampuni ile, alipojitokeza baada ya pambano, kelele ziliongezeka. Hadhira ilijua hasa nani wa kudaiwa. Haikumzomea mwigizaji, ilimzomea mtunzi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya mieleka tangu siri yake ifichuke ni historia ya hadhira inayojifunza uhakiki hadharani. Imekosea mara nyingine, na imenyonywa mara nyingi. Lakini imetuachia kipimo tunachoweza kukitumia hata tunaposoma riwaya: msomaji anaweza kukubali mwisho wowote, wenye furaha au wa kuhuzunisha, mradi mtunzi amelipa kile alichokopa njiani. Asipolipa, hata mwisho mzuri utaonekana usanii wa mtaani.

Mchana wa Jumapili ile nilimpigia simu mjomba. Bado ni fundi cherehani, bado ni shabiki, na alikuwa ameliona pambano kwa jirani yake. Nilitegemea aungane nasi. Aa wapi! "Mimi nimempigia makofi," alisema. "Mzee akichoka mwache aseme amechoka. Nyie mlitaka afe na jembe mkononi?" Nikamweleza habari ya deni kama nilivyoieleza hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba deni halikuwa la Cena, na kwamba ningekuwa na adabu ningempigia makofi kwanza yule mzee, kisha ndipo nimzomee mwenye kampuni.

Sijapata jibu la kumpa. Anayelo, ashike kalamu. Kurasa za jarida hili ziko wazi.